Kalamu Ilinifundisha Subira



Zamani nilikuwa mtu wa haraka. Nikivuna mahindi, nilitaka fedha siku ile ile. Mnunuzi alikuja na magunia yake. Aliyajaza mpaka yakafura juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Mwaka mmoja nilimwuzia magunia 4. Alinilipa shilingi 48,000 kwa kila gunia. Nilifurahi sana.

Ilipofika Januari, chakula kilikwisha nyumbani. Debe moja la mahindi lilikuwa shilingi 15,000. Tuliuza mbuzi wa mke wangu ili tupate kula. Mke wangu hakusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Wazee waliniambia, "Subira huvuta heri." Maneno hayo niliyajua tangu utotoni. Hayakunizuia kuuza.

Baadaye nilijiunga na darasa la kisomo. Mwalimu alikuwa kijana, rika la mwanangu. Mkono wangu ulizoea jembe. Kalamu ilinishinda. Mara mbili nilitaka kuacha. Siku nilipoandika jina langu mwenyewe, niliona faida ya kungoja.

Kisha tulijifunza hesabu. Nilipima gunia moja la lumbesa. Lilikuwa na debe 7, si 6. Niligawa 48,000 kwa 7. Kumbe niliuza kila debe kwa bei isiyofika shilingi 7,000! Debe hilo hilo nililinunua kwa 15,000. Pale kwenye karatasi nilimwona mbuzi wa mke wangu.

Siku hizi hukausha mahindi yangu vizuri. Huyaweka katika mifuko ya kinga njaa. Mfuko huo una mifuko miwili ya plastiki ndani, na mmoja wa nje. Hufunga kila mmoja kwa kukaza. Wadudu waliomo hukosa hewa, wakafa. Mahindi hukaa salama bila dawa.

Sisemi kwamba elimu inatosha. Mwenye mgonjwa ndani hawezi kuambiwa angoje bei. Mwaka jana mke wangu alilazwa, nami niliuza debe 5 kwa bei ya chini. Lakini niliuza debe 5 tu. Zilizobaki tulikula mpaka mavuno.

Je, ndugu msomaji, wewe huuza mahindi yako lini? Chukua kalamu upige hesabu kabla mnunuzi hajafika. Mwite na mwenzako wa nyumbani, mpige pamoja.