Kuonya na Kuona: Tafakuri Kuhusu Ushauri Nasaha wa Kikristo

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Hata hivyo, hawakutaja anayestahili kufunuliwa uchi huo, wala jicho atakaloutazamia. Hilo ndilo lililomtatiza mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, aliyezama katika ulevi, alipobisha mlangoni pa mchungaji wake jioni moja. Kabla hajaketi vizuri, alikwisha kusomewa aya tano za Maandiko na kuamriwa atubu. Alitubu. Majuma mawili baadaye alirejea kilabuni.

Mchungaji huyo hakuwa mtu mbaya. Mkondo alioufuata una wafuasi wengi. Mnamo mwaka wa 1970, mwanatheolojia Mmarekani Jay Adams alichapisha kitabu Competent to Counsel, akiujenga ushauri wake juu ya kitenzi cha Kigiriki noutheteo, ambacho Biblia ya Kiswahili hukifasiri kuwa kuonya, kwa mfano katika Warumi 15:14. Kwa maoni yake, matatizo mengi ya nafsi yasiyotokana na maradhi ya mwili huchipuka katika dhambi. Kwa hivyo aliipinga saikolojia ya Sigmund Freud, na pia ile ya Carl Rogers aliyeshikilia kuwa mshauri asikilize bila kuelekeza. Wakristo wengine, akiwemo Gary Collins, waliona kuwa saikolojia yaweza kumfaa Mkristo ikipimwa kwa Maandiko. Hata Adams mwenyewe alisisitiza kuwa onyo litolewe kwa upendo na kwa faida ya anayeonywa. Sharti hilo ndilo husahauliwa upesi.

Afrika Mashariki haikungoja vitabu hivyo. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafunza waumini kuungama hadharani mbele ya ndugu. Nguvu ya desturi hiyo ilikuwa katika usawa wake: aliyesikiliza leo, kesho naye aliungama.

Lugha yenyewe inatufunza. Kitenzi onya kina nasaba na ona. Asili yake ni kumfanya mtu aone. Nalo neno toba, lililotoka Kiarabu, lina maana ya msingi ya kurejea. Basi anayeonya sharti kwanza aone, na anayetubu yumo safarini. Je, nani awezaye kumwonyesha mwenziwe njia ilhali hajui amesimama wapi?

Mwanafunzi yule alirudi kwa mchungaji, safari hii akiwa na aibu maradufu. Mchungaji aliifunga Biblia, akauliza, "Mwanangu, ulianza lini?" Ikajulikana kuwa chupa ya kwanza ilifunguliwa juma alilomzika babake. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akasimulia jinsi naye alivyokunywa miaka sita kabla ya kuokoka. Hapo ndipo alipoifungua tena Biblia, akasoma aya moja tu. Kesho yake alimsindikiza kijana hadi ofisi ya ushauri nasaha ya chuo.

Kijana hakupona kwa siku moja. Alianguka tena mwezi uliofuata. Lakini mara hii hakusubiri kufumaniwa: alikwenda mwenyewe kwa mchungaji, akabisha, akasema, "Baba, nimeanguka." Mlango ukafunguliwa.