Picha ya babu yashuka Katesh

Gari la kutoka Mbulu hupita Dongobesh, likateremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Dareda, kisha likashika lami kuelekea Katesh, chini ya Mlima Hanang. Hapo ndipo, Desemba 3, 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlimani vikazoa nyumba, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Picha za ukutani zilikwenda na kuta zake. Familia iliyobahatika bado ina moja kwa shangazi huko Mbulu, ya babu, nyeusi na nyeupe. Husafiri ndani ya daftari isikunjike.

Ikichapishwa steshenari, mara nyingi babu hutoka na ukijani usoni. Printa si mbovu. Kwenye karatasi ya kung'aa, printa nyingi za wino huacha wino mweusi na kutengeneza kijivu kwa kuchanganya rangi. Moja ikizidi kidogo tu, uso umeharibika. Mzazi amwombe kijana wa duka atumie karatasi ya picha isiyong'aa, achague aina hiyohiyo kwenye kompyuta, na ubora wa juu. Waanze na kipande kidogo cha uso (karatasi hizo si bei ya maandazi), wakitazame nje mchana, kwani taa ya dukani hudanganya.

Ikishakauka, iwekwe kwenye fremu ya kioo, mbali na jua. Ile ya zamani irudi kwa shangazi. Nyuma ya mpya yaandikwe majina kwa penseli, shangazi angali yupo wa kuulizwa.