Mbuzi Hawa Wanakula Nini?

Nilipoanza kufundisha hisabati darasa la sita wilayani Handeni, ukuaji wa idadi tuliufanya kwa punje za mahindi. Punje moja mbuzi mmoja, na kila mwaka wa kubuni kundi linaongezeka maradufu. Meza ikishajaa tulihamia ubaoni, ambako kila swali lilikuwa na jibu moja, na jibu hilo nilikuwa nalo mimi.

Kisha zikaja kompyuta chache kuukuu, na rafiki yangu wa sekondari akanipa flashi yenye NetLogo, programu ya bure ambayo Uri Wilensky aliitoa mwaka 1999. Imetokana na Logo, lugha ya programu ya mwaka 1967, ambayo mmoja wa waasisi wake, Seymour Papert, alizaliwa Pretoria.

Ndani ya NetLogo mna mfano wa mbwa mwitu na kondoo. Watoto hawakusubiri ruhusa yangu: wakawaita fisi na mbuzi. Hakuna mlinganyo wa kukariri. Fisi akitembea nguvu zinapungua, akikamata mbuzi zinaongezeka, zikimwishia anakufa. Kuzaa ni bahati nasibu. Tulianza na mbuzi 100 na fisi 50. Fisi wakaisha, mbuzi wakafunika kioo chote. Tukarudia bila kubadili namba yoyote: safari hii wakaisha wote.

“Mwalimu, kompyuta imekosea.”

Nikawaambia warudie, na kila kundi liandike ubaoni lilichokiona. Ubao ukajaa majibu yasiyofanana, na hakuna hata moja nililoweza kulipigia mkasi. Tangu siku hiyo swali la “jibu ni ngapi?” likaanza kupungua darasani. Walitaka kujua ni mara ngapi katika kumi fisi wanapona, na wakiongezwa inakuwaje.

Binti mmoja aliyekuwa kimya nyuma akauliza, “Mbuzi hawa wanakula nini?” Kweli, hawakuwa wanakula chochote. Tukawasha chaguo la nyasi. Grafu ikaanza kupanda na kushuka: mbuzi wanaongezeka, fisi wanafuata nyuma yao, mbuzi wanapungua, fisi wanakonda.

Wapo wanaosema punje sasa zitupwe. Sikubaliani nao. Mtoto ambaye hajawahi kuzipanga kwa mkono akitazama kioo huona rangi zinakimbia tu, kwa hiyo hadi leo naanza na mahindi.

Baadaye wakataka ukame. Muda wa nyasi kuota upya tukautoa 30 tukaupeleka 60, na mbuzi wakapungua, jambo lililowaridhisha wote isipokuwa kijana mmoja wa jamii ya wafugaji. Mbuzi wa kwao, alisema, hawazururi hovyo namna hii; mchungaji yuko wapi? Kompyuta tukaziacha zikiwaka, kipindi kilichobaki wakakimalizia kwenye madaftari wakimwandikia mchungaji kanuni zake: anamwona fisi akiwa umbali gani, anafukuza au anakusanya mbuzi kwanza, na akisinzia je.