Simu Darasani na Haki ya Aliyekaa Karibu Yako



Leo tunapenda kukumbushana juu ya simu ndani ya darasa la chuo. Sisi tunaishi Ngagara, mtaa ambao wazee bado wanauita OCAF, kwa jina la shirika la enzi za Wabelgiji lililoujenga miaka ya 1950. Nyumba nyingi hapa zina kijana anayesoma chuo, au zimepangisha chumba kwa kijana anayesoma. Jioni wanakaa uani wakihadithiana ya huko, na sisi tunasikiliza.

Habari moja ilituuma. Mwalimu alikuwa akiwaandikisha somo, simu ikalia. Akanyamaza kidogo, akaendelea. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu akafunga daftari lake, akatoka. Saa mbili zikapotea kwa wanafunzi zaidi ya mia moja, na sehemu waliyoikosa siku ile ikaja kwenye mtihani. Mwenye simu aliwaomba wenzake radhi, nao wakamsamehe. Lakini radhi hairudishi somo.

Wako wanaosema: "Huyu ni mtu mzima, akichezea simu darasani anajidhuru mwenyewe." Maneno haya yamezoeleka mpaka yanaonekana ya kweli. Sisi tunasema si ya kweli. Anayekaa na simu darasani anakula pia haki ya jirani yake.

Mwaka 2013 watafiti watatu wa Kanada, Faria Sana, Tina Weston na Nicholas Cepeda, walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wanafunzi wa chuo. Waliokuwa wakifanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa somo walipata alama pungufu kwa asilimia 11. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba wanafunzi walioandika kwa kalamu na karatasi tu, lakini wamekaa mahali wanapoiona skrini ya mwenzao, walipungukiwa kwa asilimia 17. Hawakugusa kitu, kosa lao ni mahali walipokaa. Zile zilikuwa kompyuta, lakini jicho halichagui: kinachomulika na kuchezacheza mbele yake kitalivuta, kiwe kikubwa au kidogo.

Sasa tazameni hali zetu hapa Bujumbura. Vitabu ni vichache, kwa hiyo mara nyingi mwalimu husoma na wanafunzi huandika. Somo ni la Kifaransa, na nyumbani kijana anazungumza Kirundi na Kiswahili. Sentensi moja ikipita hujui pa kuikamatia, na anayekaa nawe huenda naye imempita. Hapo Kamenge, jirani yetu, wanafunzi wa udaktari wanajifunza katika Hospitali ya Mfalme Khaled. Mmoja wao akikosa kipimo cha dawa kwa sababu wa mbele yake anacheka na video, siku moja hasara hiyo inaweza kumfikia mgonjwa. Na karo ya yule aliyekosa imelipwa na nani? Pengine na mama anayeuza nyanya na ndagala soko la Cotebu, tangu alfajiri mpaka jua linazama.

Hatusemi simu ni adui. Kwa vijana wengi simu ndiyo maktaba yao. Maandishi ya somo yanatumwa kwa WhatsApp, mabadiliko ya ratiba yanatangazwa humo humo, na asiye na pesa ya fotokopi anasomea kwenye kioo kile kidogo. Nauli ya kurudi nyumbani nayo inaingia kwa Lumicash. Umeme ukikatika mtaani, kijana anakwenda darasani na chaja yake na kutafuta kiti kilicho karibu na soketi, hata kama ni cha nyuma kabisa. Kumwambia aiache nyumbani ni kumwambia asiloliweza. Kinachotakiwa ni adabu.

Na adabu hiyo tunayo tayari. Tukifika mlangoni pa msikiti, mkono unakwenda wenyewe mfukoni kuzima simu. Hakuna askari anayetulazimisha. Darasa nalo ni mahali pa ilimu, na wanaotafuta ilimu walikuwa na adabu yake tangu zamani. Imepokewa kwamba Imamu Shafii, alipokuwa akisoma kwa Imamu Malik mjini Madina, alikuwa akifunua kurasa polepole ili mwalimu wake asisikie mlio wa karatasi. Karatasi tu!

Jambo jingine: simu hailii yenyewe, kuna aliyepiga. Mzazi anayempigia mwanawe saa nne asubuhi kumuuliza ufunguo uko wapi, ameingia darasani bila kubisha hodi. Na anayebipu naye ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunashauri haya:

1. Kabla ya kuingia darasani, simu iwe kimya kabisa na ikae ndani ya begi. Mtetemo juu ya meza ya mbao nao ni kelele.

2. Mwenye mgonjwa nyumbani amwambie mwalimu mapema, akae karibu na mlango, atoke taratibu akipigiwa.

3. Anayetaka kupiga picha ubao au kurekodi sauti aombe ruhusa kwanza, na asiisambaze sura ya mwalimu.

4. Aya za Qur'ani zisiwe mlio wa simu. Ukikimbilia kuuzima unaikata aya katikati.

5. Wazazi, tuzijue ratiba za watoto wetu. La haraka liandikwe kwa ujumbe, mengine yangoje mapumziko.

6. Walimu nao wazime zao. Mwanafunzi huiga anachokiona.

Kijana akiyafanya haya hatapewa cheti kwa ajili yake. Lakini yule aliyekaa pembeni yake, ambaye pengine hata jina lake halijui, atatoka na sentensi zake zote zimetimia.

Mwenyezi Mungu awafungulie vijana wetu milango ya ilimu yenye manufaa. Amin.