Mzigo wa Kaka Yangu

Ilikuwa mwezi wa Agosti, tumetoka zamu ya usiku, macho mazito. Muuguzi mwenzangu, mama wa Kiaustralia ambaye nimefanya naye kazi miaka minne, aliniwekea simu yake mbele ya kikombe changu cha chai. "Tazama," akasema, "nakwenda kwenu!"

Alikuwa amelipia safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro, na kampuni inayompeleka ina mfuko wake wa hisani. Kila mpandaji anaombwa kuchangisha ndugu na marafiki, na fedha hizo ziende kwa vijiji vya kule anakokwenda na kwenye uhifadhi wa misitu. Kwenye picha walikuwepo watoto wamepanga mstari mbele ya darasa jipya, wanacheka. Akaniuliza kama ningemchangia hata dola kumi.

Nilimpa ishirini, nikamtakia safari njema. Lakini ndani ya treni ya kurudi Auburn moyo wangu haukutulia, na sikujua kwa nini.

Mimi ni mtoto wa Marangu. Mlima ule tuliuona alfajiri kabla mawingu hayajaufunika, tukienda kuchota maji kwenye mfongo. Magari ya watalii yalipita kuelekea getini, na vijana wetu walikuwa wakisubiri pale, wakitafuta mzigo wa kubeba. Wapagazi wenyewe huitana wagumu. Kaka yangu alikuwa mgumu kwa miaka minane.

Nilipochaguliwa kusoma diploma ya uuguzi mwaka 2009, baba alikuwa ameshafariki, na kahawa ya kihambani haikutosha hata kulipa deni la duka. Kaka akaniambia, "Wewe nenda. Ada itashuka mlimani." Nilidhani ananitania. Ikashuka kweli, muhula baada ya muhula. Nilimaliza, nikafanya kazi, nikaja Australia kusoma digrii, nikabaki. Kaka siku hizi halimi kingine ila ndizi na kahawa, na ana watoto watatu.

Sasa, hapa kazini kila mwaka tunafundishwa upya namna ya kumhamisha mgonjwa. Hatumwinui mtu kwa nguvu ya mgongo. Kuna mashine, kuna shuka za kuteleza, kuna kanuni za watu wawili wawili. Nikiumia kuna fomu ya kujaza na kuna fidia. Siku chache baada ya ile picha ya simu nilikuwa kwenye somo hilo. Mwalimu akaweka sanduku la kilo 20 katikati ya chumba, akauliza nani angelibeba peke yake kutoka sakafuni. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Kilo 20 ndio mzigo wa wageni ambao kanuni za Hifadhi ya Kilimanjaro zinamruhusu mpagazi kuubeba. Unapimwa kwa mizani getini, na juu yake anaongeza blanketi na vitu vyake mwenyewe. Niliyajua hayo tangu utotoni. Nilichogundua pale darasani ni kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwuliza kaka alikuwa anabeba nini.

Jumamosi, saa kumi jioni ya Auburn, kwao saa tatu asubuhi, nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna tatizo?"

Ndugu zetu nyumbani wakiona namba ya nje bila miadi, kwanza huogopa msiba. Nikamwambia hakuna tatizo, nataka tu anisimulie kazi ya mlimani. Akacheka. "Leo ndiyo unauliza?" Kisha akanisimulia.

Mwaka wa kwanza alipanda na viatu vya mtumba vilivyopasuka soli, akavifunga kwa kamba. Usiku walilala kwenye hema la kulia chakula, wageni wakishamaliza kula, watu kumi wamebanana. Chakula kilikuwa ugali mara moja kwa siku. Kuna viongozi waliopitisha mzigo halali kwenye mizani, kisha wakaongeza wakishapita kona. Bakshishi ya wageni ilikuwa ikipungua kabla haijamfikia mpagazi, na mshahara mwingine uliambiwa usubiri wiki ijayo.

"Halafu ile safari ya 2010," akasema, "nilipokohoa povu jekundu."

Nilisimama pale dirishani. Muuguzi yeyote anajua maana ya povu jekundu kwa mtu aliyepanda juu kwa haraka: ni maji kwenye mapafu, na dawa ya kwanza ni kumshusha chini bila kuchelewa. Wenzake wanne walimshusha usiku, wakipokezana kumbeba mgongoni. Nikamwuliza kwa nini sikuambiwa. "Ulikuwa na mtihani. Mama alisema usisumbuliwe."

Baada ya hapo rafiki yake alimpeleka kwenye ofisi moja mjini Moshi inayoazimisha nguo za baridi bure. Huo ni mradi wa kusaidia wapagazi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya shirika la Marekani liitwalo International Mountain Explorers Connection. Makoti, suruali na buti nyingi ni zile zilizotolewa na wapandaji. Mradi huo pia hufuatilia kampuni zilizokubali kushirikiana nao: wapagazi wanalipwa kiasi gani, wanabeba kilo ngapi, wanakula nini, wanalala wapi. Mtalii anaweza kutazama orodha ya kampuni hizo kabla ya kulipa.

"Lile koti la bluu kwenye picha uliyonitumia chuoni?" nikamwuliza. Picha hiyo niliibandika ukutani miaka mitatu.

"Halikuwa langu," akasema. "Nililirudisha."

Nikamweleza habari ya mwenzangu na mfuko wa hisani. Nilitegemea akasirike, maana mimi nilishakasirika kwa niaba yake. Yeye akasema darasa ni jambo jema, na miti ni jambo jema zaidi, kwa sababu msitu ukikatwa mfongo hukauka. "Ila mwambie aulize kwanza wanaombebea hema wanalala wapi."

Wasomaji wenzangu, sipingi mifuko hii. Hapa Australia iko mingi; kampuni ya Intrepid ya Melbourne, kwa mfano, ilianzisha wake mwaka 2002, na mifuko ya namna hii hupeleka fedha kwa mashirika ya kwetu yanayoijua kazi. Ninachosema ni kwamba msaada wa kijiji hauwezi kulipa deni la mshahara. Anayejenga darasa kwa mkono mmoja atazame mkono wa pili unamlipaje baba wa mtoto anayesoma humo.

Nilimwandikia mwenzangu maswali manne kwenye karatasi: mshahara wa mpagazi kwa siku, uzito wa mzigo, milo, na mahali pa kulala. Sikujua atayapokeaje. Aliyatuma kwa kampuni siku ileile. Matatu yalijibiwa haraka. La mshahara lilijibiwa baada ya kuuliza mara ya pili, na jibu lilikuwa la kuridhisha. Alipanda mwezi wa Septemba. Aliporudi hakuniletea picha ya kilele peke yake. Aliniletea majina ya watu kumi na mmoja waliompandisha, ameyaandika kwenye daftari, na koti lake na buti zake ameziacha Moshi.

Wengi wetu watoto wetu huchangisha fedha shuleni kwa ajili ya vijiji vya Afrika. Wachangie. Lakini wakae pia na sisi jioni wasikie ni nani katika ukoo wao alibeba nini ili wao wazaliwe huku. Mwanangu wa miaka saba sasa anamjua mjomba wake kwa habari hiyo.

Mimi nimemtumia kaka nauli na fedha za kipimo, aende KCMC akapigwe picha ya mapafu. Amesema ataenda kahawa ikishavunwa. Nimeweka alama kwenye kalenda. Jumamosi nitampigia tena.