Folda mpya, faili zilizopotea

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni folda.

Niliandika programu ndogo ya kutunza stakabadhi za mteja mmoja. Faili ikiingia kwenye tarakilishi, nakala inaenda kwenye diski ya pili. Miezi mitatu mambo yalikuwa shwari. Kisha diski ya kwanza ikafa. Kufungua nakala, folda kadhaa tupu!

Kosa lilikuwa langu. Nilitumia inotify, iliyoingia kwenye Linux 2.6.13 mwaka 2005. Ni kama mlinzi wa lango: huchunga folda uliyomwonyesha, si zilizo ndani yake. Folda mpya ikiundwa humo, anakupa taarifa ya IN_CREATE yenye alama ya IN_ISDIR, nawe unaiwekea mlinzi wake. Lakini faili zilizoingia kabla huyo wa pili hajafika, hakuna atakayezitangaza.

Dawa ni hii: weka mlinzi kwanza, ndipo usome folda yote. Huenda ukaiona faili moja mara mbili. Afadhali hivyo kuliko kutoiona kabisa.

Ndugu yake, fanotify, haikuletei matukio ya folda mpaka uombe kwa FAN_ONDIR. Jambo lile lile, desturi mbili. Mbunifu wa mfumo angechagua moja, kwa sababu sisi waandishi wa programu hudhani kimya maana yake hakuna kilichotokea.

Mimi nilidhani hivyo. Tulishinda siku mbili tukichapa stakabadhi upya kutoka kwenye karatasi.