Usimalize shamba kwa kakao

Butembo

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma katika barua yako kwamba unataka kung'oa migomba na muhogo ili shamba lote liwe kakao. Kakao siikatai; imesomesha watoto wengi wa Beni. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, kila mtu akatafuta miche. Mwaka 2025 ikaporomoka. Bei hiyo hupangwa London na New York, na huko hakuna anayeuliza hali ya nyumba yako.

Tazama jinsi mti wenyewe unavyokua. Ukiwa mchanga unataka kivuli cha migomba, na katikati ya mistari unavuna maharage, basi mtu anadhani chakula kitaendelea hivyo. Miaka michache baadaye matawi yanakutana juu, chini kunabaki giza na majani makavu, muhogo hauoti tena. Ndipo mwenye shamba anaanza kununua sombe kwa fungu sokoni. Na barabara ikifungwa kwa vita, kama mlivyoona mara nyingi tangu mauaji ya raia yalipoanza Beni Oktoba 2014, unga unapanda bei siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo acha kipande cha karibu na nyumba, mahali mnapoweza kufika hata siku za hofu. Kiwe na migomba, maharage, lengalenga, na muhogo hasa, maana huo hukaa ardhini ukiwangoja.

Mpakani mwa shamba panda mikaratusi, lakini mbali na chemchemi, kwa kuwa inakunywa maji mengi. Ukiikata inachipua tena. Huku Butembo vilima vingi vimevaa miti hiyo, na ndiyo inayotupatia kuni, makala na mbao. Mtafutie mkeo mbabula ya udongo inayotunza moto. Gunia la makala litadumu zaidi.

Kuhusu umeme, Mutwanga si mbali nanyi. Tangu 2013 watu wa huko wanapata umeme kutokana na maji yanayoshuka milima ya Ruwenzori, na kwa umeme huo mawese yao yanageuzwa sabuni pale pale. Sisi mjini tuliishi miaka mingi kwa jenereta na mafuta ya kununua. Zungumza na majirani mchangie sola na mashine ya kusaga, huku mkiendelea kudai laini ya umeme ifike kwenu.

Nakuomba, usikate mgomba hata mmoja kabla hujakaa na mkeo mkayapima haya, kisha uniandikie.

Mjomba wako